Picha Nzima ya Baba Mkwe

Ukutani kwa mama mkwe wangu, kule Lufingo, ipo picha ya marehemu baba mkwe kwenye fremu ya dhahabu ya plastiki. Imekuzwa kutoka kadi yake ya kupigia kura. Kilichokuwa kidogo kama stempu kimenyooshwa mpaka kikawa na ukubwa wa sinia, pua imesambaa, macho yamekuwa matope mawili, na ukingo wa mhuri umempita begani. Kila nikiingia sebuleni naipa mgongo. Wanaukoo wanadhani ni adabu, wanasema tazama mkamwana yule, hata mzee amekufa bado anamwogopa. Siyo adabu. Ni hasira, na haijapoa hadi leo.

Hasira yenyewe ilianza na kamera iliyoletwa nyumbani kwangu ndani ya soksi.

Mume wangu alikuwa ametoka Mbeya. Akaitoa mfukoni, akaivua soksi, akaiweka mezani karibu na sahani ya maharage, kisha akasimama pembeni akisubiri nifurahi. Nilikuwa nimemtuma kamera nyembamba kama walizokuwa nazo walimu wenzangu, zile zinazovuta watu wa mbali na kutumia betri za dukani, ukibonyeza inapiga, maisha yanaendelea. Yeye akaniletea kipande cheusi kizito kama sabuni ya mche, chenye jicho moja mbele na maandishi ya Kijapani mgongoni.

"Soko huria hili, mke wangu," akasema. "Vitu vya Japani siku hizi vinashushwa kama viazi. Muuzaji amesema hii ni ya wataalamu."

Mtaalamu ni nani katika nyumba hii, nikamuuliza. Wewe afisa kilimo au mimi mwalimu wa jiografia? Akala maharage yake.

Basi nikaishi na kile kiumbe. Kilikuwa hakivuti. Ukitaka mtu aonekane mkubwa unamfuata kwa miguu yako, ukitaka aonekane mdogo unarudi nyuma, na Rungwe kurudi nyuma bila kutazama ni kutumbukia kwenye migomba ya jirani. Ukikiwasha kilikoroma kwanza. Ukibonyeza, kilifikiri. Kikishafikiri ndipo kilipiga, na baada ya kupiga taa ndogo nyekundu ilianza kupepesa, na muda wote taa ile inapepesa hakuna amri unayoweza kukipa. Wanafunzi walikuwa wameshachoka kutabasamu na kuondoka. Nina picha nyingi sana za migongo ya wanafunzi.

Ukiwa na ukungu, na kwetu ukungu haubishi hodi, jicho lilikwenda mbele na nyuma likitafuta pa kushika, likikosa linazima lenyewe kwa kususa. Ndani ya nyumba kiligeuza sura za watu kuwa kijani kama parachichi bichi. Betri ilikuwa haifiki sherehe kukatwa keki. Chaja ilikuwa na miguu bapa isiyoingia kwenye soketi zetu, nikawa naikazia kwa njiti ya kiberiti na kumwomba Mungu. Kuhusu Kijapani, nilikariri mahali pa vitu bila kujua majina yake: chini, chini tena, kulia, kisha ile herufi iliyofanana na kibanda chenye mguu mmoja. Nilikuwa nakitukana kwa Kinyaturu, lugha ya mama yangu, maana Kiswahili hakikutosha.

Lakini kero kubwa kuliko zote ilikuwa hii. Picha zake hazikuwa picha kama za kamera nyingine. Ukichomeka kadi yake kwenye kompyuta yoyote ya Tukuyu mjini, kompyuta ilikuwa haioni picha, inaona mafaili yasiyofunguka. Ndani ya soksi kulikuwa na diski yake, nayo niliiingiza kwenye kompyuta ya pekee ya shule yetu, ofisini kwa mkuu wa shule, upande wa Kawetele. Hapo tu ndipo zilifunguka, na moja ilichukua muda wa kusahihisha madaftari ya dawati zima. Zikishafunguka nilizihifadhi upya kwa mtindo wa kawaida, nazihamishia kwenye flashi, ndipo naipeleka studio picha zisafishwe.

Siku ya kwanza nilipofungua picha namna hiyo, nilikuwa nimempiga mama mkwe barazani akimenya ndizi. Ikajitokeza kwenye kioo kipande kwa kipande. Nikaona nyuzi za kitenge chake. Nikaona utomvu wa ndizi ulivyokauka kwenye kucha, na mvi tatu zilizotoroka kilemba karibu na sikio, na jinsi anavyobana mdomo wa chini akiwa amechoka na hataki kusema. Niliishi na mama yule miaka, sikuwahi kuuona mdomo huo. Nikakichukia kile kiumbe zaidi, maana sasa nilikuwa siwezi kukitupa.

Sasa niseme habari ya baba mkwe. Kwetu Singida baba mkwe unampelekea chai, unapiga goti, unamsikiliza akilalamikia serikali. Huku Rungwe mkamwana anamwogopa baba mkwe. Hamtazami usoni, hakai naye chumba kimoja, wakikutana njiani anaingia kwenye majani na kumpa mgongo mpaka mzee apite. Vijana wengi wameshaacha. Baba mkwe wangu hakuacha. Alikuwa mzee wa kanisa, na mchungaji alipomwambia mambo hayo ni ya kale, alijibu kwamba Injili ilimkuta ana adabu tayari. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Niliivaa yangu.

Lakini naye alikuwa na zamu yake katika kamba hiyo, na aliishika kwa uaminifu. Kabla ya kukata kona ya nyumba alikuwa anakohoa, ili nipate nafasi ya kujiondoa. Hakuwahi kunishtukiza hata mara moja. Nilipojifungua mtoto wa kwanza alisimama nje, chini ya dirisha, mvua ikimnyeshea, akatuombea mpaka mwisho. Msimu wa parachichi nilikuwa nasikia kikohozi, nasubiri, nikifungua mlango nakuta ndoo imejaa. Kikohozi chake nilikijua kuliko ninavyojua kengele ya shule. Sura yake sikuijua.

Ile picha ya ndizi ilipofika Lufingo, mzee akaishika, mama mkwe ananiambia, akaigeuza kwenye mwanga. Kisha akaagiza. Alitaka na yeye apigwe, kwa kamera hiyohiyo na si nyingine, picha ya kuwekwa kwenye jeneza lake na baadaye ukutani. Apigwe mzima, amesimama, na viatu vionekane. Wazee wa huku hawataki picha ya kifua.

"Anasema mtu aliyekatwa miguu atafikaje kule anakokwenda?" mama mkwe akaniambia. "Na kifua chake si kizuri, mwanangu. Msikawie fijo, msikawie sana."

Hapo ndipo tatizo lilipoanza. Mtu mmoja tu ndiye aliyeijua kamera ile, na mtu huyo alikuwa hana ruhusa ya kumtazama mzee.

Shemeji yangu mkubwa, kaka wa mume wangu, mwenye duka la vipuri mjini, akasema hakuna tatizo, atapiga yeye. Nikamweleza: subiri ifikirie, usitikisike, taa nyekundu ikipepesa usiguse kitu. "Shemeji," akasema, "kamera ni kamera." Akaenda. Alibonyeza na kushusha mkono hapohapo, kwa hiyo alipiga udongo. Akapiga tena, taa ikapepesa, akaona imekwama, akachomoa betri. Kamera ikarudi kwangu na picha moja ya kiatu cha kushoto, na maneno kwamba mdogo wake alitapeliwa Mbeya, kifaa ni kibovu. Nilikuwa nimekitukana kifaa kile kila siku ya Mungu, lakini nilipomsikia yeye akikitukana nilitaka kumpiga nacho.

Kukaitwa kikao Lufingo, nyumbani kwa mzee. Wahenga walisema penye wengi hapaharibiki neno. Hawakuwahi kukaa na ukoo wa mume wangu. Mimi nilikuwa jikoni, kibanda cha uani, nikisikia kila kitu. Mmoja akasema mwalimu apige akiwa amefumba macho. Mwingine akasema mzee ageuke, apigwe mgongo. Shemeji mkubwa akasema itafutwe kamera ya maana. Mume wangu akasema, kwa sauti ndogo, kwamba mke wake akipiga hamtazami mtu, anatazama kioo nyuma ya kamera. Wakabishana kama kumwona mtu kwenye kioo ni kumwona. Wanaume wazima, wengine wana digrii.

Nikachoka. Nikamwita mama mkwe jikoni, nikamwambia mpango wangu, akaenda kuwaambia kama wake, maana angesema wangu wangeukataa.

Siku iliyofuata ilikuwa Ijumaa Kuu. Mvua ilinyesha asubuhi, kisha ikakatika, mwanga ukawa mweupe na mtulivu, mwanga pekee ambao kamera ile ilikuwa haijawahi kuulalamikia. Mzee akakaa ndani. Nikaweka jani la mgomba mbele ya mlango wa nyumba kubwa. Nikamsimamisha mume wangu juu ya jani, avae kofia ya baba yake, maana wanalingana kimo. Nikaitegesha kamera juu ya kinu kilichogeuzwa, nikakisogeza nyuma mpaka rundo la kuni, mpaka viatu vikaingia na mlango wote. Nikakishika kigurudumu kidogo cha juu kinachoamua umbali, nikakizungusha kwa kidole mpaka nyuzi za kofia zikasimama wima. Nikamwambia mume wangu: usiguse chochote, bonyeza hiki, pumua, subiri taa izime, kisha niite. Nikaingia jikoni nikafunga mlango.

Nikasikia kikohozi. Nikasikia viatu vikitoka, vimepakwa kiwi, vinalia. Nikasikia mume wangu akisema, "Tata, simama kwenye jani." Kamera ikakoroma. Kisha kimya, kisha mume wangu akihesabu pumzi zake kwa sauti kama mtoto. Halafu kikohozi tena, na viatu vikirudi ndani.

Nilitoka mbio. Mume wangu alikuwa amesimama mikono juu, hajagusa kitu, jasho linamtoka kwenye baridi ile. Picha ilikuwa kwenye kioo.

Nikaitazama. Hakuna aliyenikataza kutazama picha, na kama yupo hakuwa karibu. Nikaikuza. Mzee mrefu, koti jeusi limefungwa vifungo vyote, fimbo, viatu vinang'aa juu ya jani. Mashavu yameingia. Kovu dogo kwenye nyusi. Nikaikuza tena mpaka macho, na kamera ile, ile takataka ya soksi, ilikuwa imeyapata mpaka unyevu wake. Yalikuwa hayatazami kamera. Baba mkwe alikuwa ametazama kando kidogo, kushoto, kwenye mlango wa jikoni uliofungwa. Alikuwa ananitazama mimi.

Alijua nipo pale. Ulikuwa uso wa mtu anayetaka kusema asante na hana mahali pa kuisemea.

Kioo kikazima, betri ikaisha.

Shule ilikuwa imefungwa kwa Pasaka na mkuu wa shule alikuwa amekwenda kwao na ufunguo wa ofisi. Nikasema tungoje Jumanne. Nikaitoa kadi, nikaifunga kwenye leso, nikaiweka kwenye bakuli la sukari juu ya kabati la nyumbani kwangu. Nikamwambia mume wangu nimeiweka hapo, na hilo ndilo neno ninalotamani kulirudisha kinywani.

Jumamosi nilikwenda mtoni kufua. Shemeji mkubwa akapita na pikipiki. Alitaka fremu iwe ukutani Jumapili ya Pasaka, wageni waione, aseme ameileta yeye. Akaomba kadi. Mume wangu ana mgongo wa kubeba gunia la viazi, lakini hana wa kumkatalia kaka yake. Akampa, akamweleza kwamba picha zinafunguka kwenye kompyuta ya shule tu.

Jioni shemeji akarudi, akanikuta naanua nguo. Akanipa kadi kwenye karatasi safi.

"Shemeji, pole. Hakukuwa na kitu humu. Kijana wa studio ameangalia, ni mafaili tu ya ajabuajabu hayafunguki. Anasema ni virusi. Basi amekusafishia kadi yote, bure. Na kwa sababu ya sikukuu, nikamwambia akujazie nyimbo za kwaya. Imejaa mpaka mwisho."

Alikuwa anatabasamu. Alitaka nimshukuru. Ndivyo wanavyofanya mjini: ukipeleka kadi yoyote, ya simu, ya kamera, hata ya mtu mwingine, hawawezi kuiona nafasi tupu bila kuijazia nyimbo, ni ukarimu wao.

Niliangusha shuka kwenye matope. Nilimwambia maneno ambayo mkamwana hamwambii shemeji, na majirani walitoka milangoni. Nilimwambia kwamba mafaili ya ajabuajabu yalikuwa baba yake. Nilimwambia kwamba nilimweleza, na mume wangu alimweleza, na kwamba kichwa chake nacho kingefaa kujazwa kwaya, kina nafasi. Nililia kwa hasira, kamasi zikanitoka, na sikujali.

Akashangaa kweli. Akamgeukia mume wangu, akauliza kwa upole kabisa, na upole ule ndio uliniumiza: "Mwenzio analia nini? Hata sura ya mzee haijui."

Wanasema hasira hasara. Mimi hasara ilitangulia, hasira ikafuata nyuma ikichechemea, na mpaka leo hazijaachana.

Tungerudia, mtasema. Mume wangu naye alisema hivyo, siku hiyo na siku iliyofuata. Lakini mvua ya Pasaka ilishika na haikuachia, na mzee baada ya ibada ya Jumapili hakuamka tena kitandani. Kifua kilikuwa kimekubali kusubiri picha tu. Alilazwa chumba cha ndani, kisicho na dirisha la maana, ambako kamera ile ingemfanya wa kijani, na ambako mimi nilikuwa siruhusiwi kukanyaga. Kusimama hakuweza. Aliagiza kupitia mama mkwe: picha ya kulala sitaki, ile moja inatosha. Hakuna aliyekuwa amemwambia. Walimficha, na mimi nikapika uji na kusikia kikohozi kupitia ukuta wa matofali, kikohozi ambacho sasa hakikumaanisha anakuja.

Alifariki kabla majani ya chai hayajachumwa tena.

Msiba wa huku ni watu, ng'ombe, masufuria na mvua. Mjini wakaikuza ile kadi ya kupigia kura, ikaletwa na fremu yake ya dhahabu, ikaegemezwa kwenye jeneza, kifua kitupu, bila miguu. Watu wakasema imetoka vizuri. Wakati wa kuaga, shemeji mkubwa akanifuata jikoni.

"Shemeji, leta ile kamera yako. Sasa hakuna mwiko, unaweza kumpiga mwenyewe. Angalau tuwe na kumbukumbu."

"Betri imekwisha," nikasema.

Ilikuwa imejaa. Nilikuwa nimeikazia njiti ya kiberiti usiku kucha bila kujua naichajia nini. Lakini mzee alikwisha kusema picha ya kulala hataki, na mimi ndiye pekee katika ukoo ule niliyefikiwa na maneno yake siku zote bila kumwona.

Mama mkwe akaja akanishika mkono. "Njoo, mwanangu," akasema. "Ukamtazame baba yako. Sasa hakuna wa kumwogopa."

Tukapita kati ya watu. Jeneza lilikuwa limewekwa nje, mbele ya mlango wa nyumba kubwa, palepale nilipokuwa nimelaza jani. Nilipofika kwenye kona ya nyumba nilimwachia mama mkwe mkono. Nikasimama, nikakohoa, kama alivyokuwa akinikoholea yeye, ili ajue nakuja. Wanawake waliokuwa nyuma wakadhani ni baridi.

Kisha nikakata kona, nikainama, nikamtazama. Koti lilikuwa lilelile, kovu la kwenye nyusi lilikuwa mahali pake. Macho yalikuwa yamefumbwa. Nilibaki nayatazama mpaka shemeji aliponigusa bega na kuniambia nisogee, foleni ni ndefu.